Sura ya Sita: Kwanza Udongo, Ndipo Dawa

Mapema mwaka 2010, katika vijiji vya jimbo la Zamfara, kaskazini-magharibi mwa Nigeria, watoto wadogo walianza kufa kwa degedege. Mtoto anatapika, analalamika tumbo, kisha anakakamaa mikononi mwa mama yake. Waliowaona kwanza walidhani ni malaria iliyopanda kichwani, na wengine wakahisi homa ya uti wa mgongo. Hawakuwa wamekosea kufikiri hivyo: malaria ni mwenyeji wa huko, na uti wa mgongo hupiga hodi kila kiangazi. Tatizo ni kwamba dawa za malaria zilitolewa na hazikufua dafu. Watoto waliendelea kufa, hasa walio chini ya miaka 5, huku watu wazima wa nyumba ile ile wakiendelea na kazi zao kama kawaida.

Madaktari Wasio na Mipaka, ambao tayari walikuwa wakifanya kazi jimboni, walichukua damu za watoto na kuzipeleka maabara Ulaya. Majibu yaliporudi, hayakutaja kimelea wala bakteria. Yalitaja risasi. Ni ile metali laini ya kijivu iliyomo kwenye betri za magari na kwenye vyuma vya kuzamishia nyavu, nayo ilikuwa ndani ya damu za watoto hao kwa wingi ambao madaktari wengi hawajawahi kuuona katika maisha yao yote ya kazi.

Wachunguzi walipopita nyumba kwa nyumba katika vijiji viwili vya mwanzo, Dareta na Yargalma, waliingia katika maboma 119. Katika maboma hayo kulikuwa na watoto 463 wa chini ya miaka 5, na kati yao 118 walikuwa wamefariki ndani ya miezi 12 iliyopita. Ni mtoto mmoja katika kila wanne. Kati ya waliobaki hai walipimwa watoto 204, na hakuna hata mmoja aliyekutwa salama. Watoto 198 walikuwa na zaidi ya mikrogramu 45 za risasi katika desilita moja ya damu, kiwango ambacho madaktari hawasubiri tena bali huanza dawa. Leo Shirika la Afya Duniani linasema mikrogramu 5 tu zinatosha kuanza kutafuta sumu inatoka wapi.

Ilitoka kwenye dhahabu. Bei ya dhahabu duniani ilikuwa imepanda, na wanavijiji walikuwa wakichimba mawe, wakiyabeba hadi nyumbani, wakiyaponda na kuyasaga katika mashine zile zile za kusagia nafaka. Huko wanawake wengi wameolewa na kutawishwa, hawatoki ovyo nje ya boma, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika uani, mtoto akiwa mgongoni au akitambaa kando. Mawe ya Zamfara yana dhahabu, lakini yana risasi nyingi zaidi. Tena ni risasi ya aina ya kaboneti, ambayo asidi ya tumbo huiyeyusha bila shida. Vumbi la mashine lilitua kwenye mikeka, kwenye vyungu, kwenye visima, kwenye vidole. Na mtoto wa mwaka mmoja na nusu, kokote aliko duniani, anachokishika hukipeleka mdomoni.

Kwa nini wafe watoto na mama zao wabaki wamesimama? Utumbo wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara kadhaa zaidi ya ule wa mtu mzima, na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au asiyekula vya kutosha hufyonza zaidi tena. Mwili wake uko mbioni kujenga mifupa na ubongo, unadaka kalsiamu kila inapopita, na risasi hupita mlango huo huo kwa kujifanya kalsiamu. Ikishaingia, huvuruga vimeng'enya vinavyotengeneza damu, huvuruga mawasiliano ya seli za ubongo, na ikizidi sana, mishipa midogo ya ubongo huvuja na ubongo huvimba ndani ya fuvu. Degedege waliyoiona akina mama wa Yargalma ilikuwa ni ubongo uliokosa nafasi.

Kwa sumu hiyo dawa ipo. Ninataka kueleza ilivyopatikana na inavyofanya kazi, kwa sababu historia yake ni ya fahari kweli. Lakini ninataka pia msomaji aone mahali ambapo uwezo wake unaishia. Watu wengi, madaktari wakiwemo, wameumia kwa kutopaona.

*

Habari hii inaanza kwa njiwa wenye njaa. Katika miaka ya 1920 na 1930, profesa wa baiokemia wa Chuo Kikuu cha Oxford, Rudolph Peters, alikuwa akichunguza vitamini B1. Aliwalisha njiwa mchele uliokobolewa mpaka vichwa vyao vikapinda kwa nyuma, akatafuta ni kitu gani kilichokwama katika ubongo wao. Aligundua kwamba seli zilishindwa kuchoma sukari hadi mwisho. Kazi ilisimama katikati, kwenye kitu kiitwacho piruveti. Baadaye yeye na wenzake waliona kwamba aseniki nayo husimamisha kazi hiyo hiyo mahali pale pale. Lilikuwa jambo la maabara tu, la kuandikwa kwenye majarida na kusomwa na wachache.

Kisha vita vikaja. Mwaka 1918 Wamarekani walikuwa wametengeneza gesi ya vita yenye aseniki iliyoitwa lewisite, kwa jina la mkemia Winford Lee Lewis. Inachoma ngozi, inapofua macho, inaua mapafu. Vita vya Kwanza viliisha kabla haijatumika, lakini vilipoanza vya pili Waingereza walihofia kurushiwa, na Peters akaombwa atafute kinga yake. Alikuwa na mwanzo ambao wengine hawakuwa nao. Ilikuwa imejulikana tangu miaka ya 1920, kwa kazi ya Carl Voegtlin huko Marekani, kwamba aseniki hupenda salfa: hung'ang'ania sehemu za protini zenye salfa na haidrojeni. Wengine walijaribu dawa zenye salfa moja na zikashindwa. Peters na vijana wake, Lloyd Stocken na Robert Thompson, walifikiri kwamba huenda aseniki ndani ya seli hushikwa na salfa mbili zilizokaa jirani. Ikiwa ni hivyo, dawa itakayoinyang'anya aseniki kutoka kwenye protini lazima nayo iwe na salfa mbili, zilizokaa jirani vile vile.

Mwaka 1940 walitengeneza molekuli ndogo ya namna hiyo. Ilifanya kazi. Fikiria gando la kaa: kidole kimoja hakishiki kitu, viwili vikikutana havibanduki. Atomu ya aseniki ikibanwa kwa salfa mbili, huiacha protini iliyokuwa imeikalia, huingia katika kifurushi kinachoyeyuka, na figo hukisukuma nje pamoja na mkojo. Seli huanza tena kuchoma sukari yake.

Habari zake zilifichwa kama siri ya jeshi hadi mwaka 1945, zilipochapishwa katika jarida la Nature. Dawa ikaitwa BAL. Wafamasia huiita dimekaproli. Waingereza hawakurushiwa lewisite, lakini dawa haikukosa kazi. Wakati huo kaswende ilitibiwa kwa dawa zenye aseniki, na wagonjwa wengine ngozi zao ziliwaka na kububujika kwa sababu ya tiba yenyewe. BAL iliwaokoa. Madaktari wakajiuliza: kama inabana aseniki, kwa nini isibane zebaki? Kwa nini isibane risasi? Hivyo ndivyo matayarisho ya vita yalivyozaa tiba ambayo leo huitwa kelesheni, yaani kunasa metali ndani ya mwili na kuitoa.

Lakini BAL ni dawa kali kwa anayepewa. Haiyeyuki vizuri kwenye maji, hivyo huchanganywa katika mafuta ya karanga na kudungwa ndani kabisa ya msuli, kila baada ya saa 4 mgonjwa anapokuwa mahututi. Sindano inauma, inanuka, inapandisha shinikizo la damu, na mwenye mzio wa karanga anaweza kupata janga jipya juu ya lile alilokuja nalo. Na haichagui vizuri pa kupeleka mzigo: kwa sumu ya zebaki ya kikaboni, ile inayopatikana kwenye samaki waliochafuliwa, inaweza kuihamishia zebaki kwenye ubongo badala ya kuitoa. Hapa ndipo somo la kwanza la dawa hizi lilipoanza kuonekana. Kunasa metali ni hatua moja. Kinachofuata ni kujua itabebwa hadi wapi na kuachiwa wapi.

Dawa iliyokuja kuwa kimbilio la Zamfara haikuzaliwa Oxford. Ilizaliwa Shanghai, na chanzo chake ni ugonjwa ambao msomaji wa Mwanza au Kisumu hahitaji kuelezwa: kichocho. Katika miaka ya 1950 China ilikuwa ikipambana na kichocho kwa kuwadunga watu dawa yenye antimoni, metali nyingine yenye sumu. Dawa iliua minyoo, na mara nyingine iliua moyo wa mgonjwa. Ding Guangsheng na wenzake walitafuta kitu cha kumkinga mgonjwa dhidi ya tiba yake, wakachukua wazo la salfa mbili jirani na kuliweka kwenye molekuli inayoyeyuka katika maji na isiyo na ukali wa BAL. Ndiyo DMSA. Inamezwa. Haipeleki zebaki wala aseniki kwenye ubongo. Ilichukua zaidi ya miaka 30 mpaka Marekani ilipoiidhinisha, mwaka 1991, kwa watoto wenye risasi ya zaidi ya mikrogramu 45.

Ukifungua kidonge chake cha unga, harufu inayotoka ni ya yai viza. Ni ile salfa. Mtoto mdogo hawezi kumeza kidonge kizima, kwa hiyo unga humiminwa kwenye chakula au kinywaji na mama hubembeleza mpaka kiishe. Dozi ya kawaida ni mara tatu kwa siku kwa siku 5, kisha mara mbili kwa siku kwa siku 14. Siku 19 za kumbembeleza mtoto wa miaka miwili anywe kitu kinachonuka yai bovu: yeyote aliyewahi kumnywesha mtoto dawa ya minyoo anajua uzito wa kazi hiyo. Na siku 19 ni mkupuo mmoja tu. Risasi hujificha mifupani. Kwa mtoto karibu sehemu 70 kwa 100 ya risasi yote aliyonayo imo humo, na kwa mtu mzima ni zaidi ya 90. Dawa inasafisha damu, kipimo kinashuka, kila mtu anafurahi, kisha baada ya wiki kadhaa mifupa inarudisha sehemu ya mzigo kwenye damu na kipimo kinapanda tena. Mkupuo wa pili unaanza, na wakati mwingine wa tatu, wa nne, hata zaidi.

*

Kuna magonjwa ambayo dawa za aina hii zimeyashinda waziwazi. Ugonjwa wa Wilson ni mmoja. Mtu huzaliwa na ini lisiloweza kutoa shaba iliyozidi, shaba ikajaa kwenye ini na ubongo, mikono ikaanza kutetemeka, ulimi ukawa mzito, na kabla ya BAL mwisho ulikuwa kaburi. Mwaka 1951 Derek Denny-Brown na Huntington Porter walionyesha kwamba BAL inawapa wagonjwa hao nafuu. Ila nani ataishi maisha yake yote akidungwa sindano ya mafuta ya karanga? Mwingereza John Walshe, akiwa Boston, alikumbuka kwamba katika mkojo wa watu waliotibiwa kwa penisilini aliwahi kukuta kitu kiitwacho penisilamini, na alipolitazama umbo lake akaona kinaweza kubana shaba. Alikitafuta, akakimeza yeye mwenyewe kwanza kuona kama hakidhuru, ndipo akampa mgonjwa. Shaba ilimiminika kwenye mkojo. Alitangaza tiba hiyo mwaka 1956, na kuanzia hapo vijana ambao wangekufa wakaoa, wakazaa, wakazeeka.

Mwingine ni wa karibu nasi zaidi. Mgonjwa wa selimundu au thalasemia anayeongezewa damu mara kwa mara hupokea, katika kila chupa, miligramu 200 hadi 250 za chuma, na mwili wa binadamu hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Kinalundikana kwenye ini na moyo. Deferoksamini, iliyopatikana kutoka kwa bakteria wa udongoni, hunasa chuma hicho, lakini hutiwa polepole chini ya ngozi kwa mashine usiku kucha, siku nyingi za juma. Baadaye vikaja vidonge. Kwa familia za Dar es Salaam au Kampala zenye mtoto wa aina hii, bei ya vidonge hivyo ndiyo swali la kila mwezi.

Angalia wagonjwa hawa wawili wanavyofanana. Shaba ya mgonjwa wa Wilson inatoka kwenye chakula cha kawaida ambacho mwili wake umeshindwa kukisimamia. Chuma cha mgonjwa wa selimundu kinatoka kwenye chupa ya damu aliyoihitaji ili aishi. Kwa wote wawili hakuna kiwanda cha kufunga wala shimo la kufukia, kwa hiyo dawa inabeba kazi yote, na inaibeba vizuri. Sumu ya risasi ni jambo jingine kabisa, na madaktari wa Marekani walilipa gharama kubwa kulithibitisha.

Walichukua watoto 780, wa mwaka mmoja hadi karibu miaka mitatu, wenye risasi ya mikrogramu 20 hadi 44. Nusu walipewa DMSA, nusu walipewa vidonge visivyo na kitu, na nyumba za wote zikasafishwa. Risasi katika damu ya waliopewa dawa ilishuka upesi kuliko ya wenzao, kama ilivyotarajiwa. Kisha watafiti wakasubiri, wakawapima akili, tabia na usemi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: hakukuwa na tofauti. Watoto hao hao walipofika miaka 7 walipimwa tena, bado hakukuwa na tofauti. Dawa ilikuwa imeitoa risasi kwenye damu, lakini kile ambacho risasi ilikuwa imekwisha kukifanya ndani ya ubongo unaokua, dawa haikukigusa.

Hii haina maana kwamba DMSA haifai. Mtoto mwenye mikrogramu 120 anayetupatupa mikono kwa degedege, akikosa dawa anaweza kufa usiku huo huo, na akiipata anaweza kuishi. Huko Baltimore katika miaka ya 1960, daktari Julian Chisolm alipounganisha BAL na dawa nyingine iitwayo EDTA kwa watoto waliokula rangi ya risasi iliyobanduka kutani, vifo vilipungua sana. Dawa hizi zinaokoa uhai. Kurudisha uwezo wa kujifunza uliokwisha potea ni kazi ambayo haziwezi, na sijui njia nyingine ya kulisema hili kwa mzazi isipokuwa kulisema hivyo hivyo.

*

Hiyo EDTA inastahili neno lake. Iko katika sura mbili zinazokaribiana kwa jina. Moja imekwisha shibishwa kalsiamu, hivyo ikiingia mwilini huiacha kalsiamu na kubana risasi. Hiyo ndiyo dawa ya watoto. Nyingine imejaa sodiamu tu, na ikitiwa kwenye mshipa hunyonya kalsiamu ya damu mpaka moyo unasimama. Kati ya mwaka 2003 na 2005 watu watatu walikufa Marekani kwa kupewa hii ya pili, watoto wawili na mwanamke mmoja. Mtoto wa kwanza alikuwa na sumu ya risasi kweli, na hospitali ilichanganya chupa. Wa pili alikuwa na usonji, na alikuwa akitibiwa kwa ahadi kwamba kutoa metali mwilini kungemponya. Haukuwepo ushahidi wa ahadi hiyo wakati ule, na haupo leo.

Ninakasirishwa na biashara hiyo kuliko ninavyoweza kuonyesha katika kitabu. Mzazi wa mtoto mwenye usonji, au mzee mwenye uchovu usioisha, anaambiwa damu yake ina metali nzito na inahitaji kusafishwa. Anapewa kwanza dawa ya kunasa metali, kisha mkojo wake unapimwa, na namba inatoka kubwa. Bila shaka itatoka kubwa! Kila mmoja wetu ana risasi kidogo mifupani na zebaki kidogo kutoka kwenye samaki, na ukimpa mtu mzima mwenye afya dawa inayozivuta, mkojo wake utazionyesha. Namba hizo kisha hulinganishwa na viwango vya watu ambao hawakupewa dawa, na mzima anakuwa mgonjwa kwenye karatasi. Wataalamu wa sumu wamekwisha kukataa kipimo hicho hadharani. Yeyote anayeambiwa ana sumu ya metali aulize swali moja: damu au mkojo wangu ulichukuliwa kabla ya dawa au baada yake?

Na ukipewa dawa usiyoihitaji, hasara si fedha peke yake. Magando haya hayabani risasi tu. Hubeba zinki, hubeba shaba ambayo mwili unaihitaji, mengine huchosha figo, mengine hushusha chembe za damu. Ndiyo maana mgonjwa aliye kwenye tiba hupimwa damu, ini na figo mara kwa mara, jambo ambalo muuza dripu wa mjini hana habari nalo.

*

Tuwarudie akina mama wale waliokuwa na watoto mikononi. Madaktari Wasio na Mipaka walileta DMSA Zamfara, na hapo hapo wakakabiliwa na uamuzi mgumu. Mtoto akilazwa, akanywa dawa siku 19, kisha akarudi kwenye ua ule ule, nini kitatokea? Udongo wa maboma mengine ulikuwa na risasi ya zaidi ya sehemu 100,000 kwa milioni, wakati Marekani mpaka wa eneo wanapocheza watoto ulikuwa 400. Mtoto angeanza kula sumu siku ya kwanza ya kurudi. Na kumpa dawa huku akiendelea kula risasi ni kuufungulia mwili mlango wa kutokea na kuuacha wa kuingilia wazi. Gharama ni kubwa, mikupuo haina mwisho, na mtoto hapati nafuu.

Kwa hiyo waliweka kanuni ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo sehemu ya maana kuliko zote katika habari hii: hawakuanza tiba katika kijiji mpaka kijiji kiwe kimesafishwa. Kusafisha kulifanywa na kampuni ya wahandisi ya TerraGraphics kutoka Marekani, Taasisi ya Blacksmith, serikali ya jimbo, na wanakijiji wenyewe. Walipasua ua kwa majembe, wakakwangua tabaka la juu la udongo lenye kina cha sentimita chache, wakalitia magunia, wakalifukia kwenye mashimo nje ya kijiji, kisha wakamwaga udongo safi na kuushindilia. Boma moja baada ya jingine. Dareta na Yargalma zilitangulia katikati ya mwaka 2010, wakikimbizana na mvua, maana mvua ikinyesha magari hayapiti. Vijiji vitano vikafuata katika msimu uliofuata.

Kijiji kikubwa kuliko vyote, Bagega, kilisubiri. Fedha za serikali kuu zilikuwa zimeahidiwa na zilichelewa. Wakati wote huo watoto wa Bagega walikuwa na risasi katika damu, dawa ilikuwa nchini, na madaktari hawakuwapa. Fikiria uzito wa kusimama mbele ya mama na kumwambia hivyo. Wapo waliouona uamuzi huo kuwa wa kikatili, nami naelewa kwa nini. Lakini uliisukuma serikali kuliko risala yoyote, na mapema mwaka 2013 fedha zilitoka, Bagega ikasafishwa, na tiba ikaanza.

Rekodi za mwaka wa kwanza na kidogo za tiba, zilizochapishwa mwaka 2014, zilikuwa na watoto 1,156 wa hadi miaka 5 na mikupuo 3,180 ya DMSA. Hakuna mahali popote duniani palipokuwa pamewahi kutibiwa watoto wengi kiasi hicho kwa sumu ya risasi. Mikupuo mingi ilitolewa nje ya hospitali kubwa, mama akija na mtoto kunyweshwa mbele ya mhudumu. Vifo vilivyokuwa vikimchukua mtoto mmoja kati ya wanne vilishuka na kuwa vya kuhesabika kwa vidole. Wengine walibaki na ulemavu: upofu, kupooza, usemi uliochelewa. Kwa hao dawa ilifika baada ya ubongo kuumia.

Wachimbaji hawakuambiwa waache dhahabu. Ndiyo ilikuwa chakula chao. Waliambiwa mashine zitoke majumbani, mawe yaloweshwe kabla ya kusagwa ili vumbi lisiruke, na mtu abadili nguo za kazi kabla ya kumpakata mtoto. Ni ushauri ambao wachimbaji wadogo wa Geita na Migori wangeweza kuuchukua kesho, pamoja na wa kwao wenyewe juu ya zebaki wanayoichoma kwenye kikaango kutoa dhahabu, mvuke wake ukitanda jikoni.

*

Kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki, risasi ilikuja kwa njia ya betri. Huko Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kilianza kazi mwaka 2007 ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi ulitua juu ya mabati, maji ya kiwandani yakapita kwenye vichochoro wanapocheza watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe aliyekuwa akimnyonyesha ana risasi katika damu. Aliacha kazi, akawakusanya majirani, akakamatwa, hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya na eneo lisafishwe. Mahakama ya Rufani ikalifuta agizo hilo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia.

Nimesikia watu wakiuliza kwa nini watoto wa Owino Uhuru wasipewe tu dawa, kwa kuwa dawa ipo. Jibu la kitabibu ni lile la Bagega. Mwenye mikrogramu 45 na kuendelea ahesabiwe mgonjwa wa dharura, aondolewe kwenye udongo ule siku hiyo hiyo na atibiwe. Aliye chini ya hapo, na wengi wako chini ya hapo, anahitaji ua uliochimbuliwa na kujazwa udongo safi, mabati yaliyooshwa, maji ya bomba, chakula chenye chuma na kalsiamu ili utumbo usiipe risasi nafasi, na kupimwa damu tena baada ya miezi michache. DMSA na EDTA yenye kalsiamu zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Majembe, magunia na malori ya udongo hayamo katika orodha yoyote ya dawa, na hospitali haiwezi kuyaagiza. Anayeweza ni serikali, ama mwenye kiwanda aliyelazimishwa na mahakama.